Mrehani wa Nyuma ya Jiko

Bismillahi. Hafidh, funga mlango wa mbele, ila ule wa jikoni uache wazi, nataka harufu ya uani iingie wakati nasema. Haitham, sogea huku mwanangu, usikae mlangoni kama mgeni aliyekuja kutoa pole akaondoka. Nadhira, kaa hapa miguuni pangu nikuguse. Na wewe Bi Time, jirani yangu, usiondoke. Najua unasema haya ni ya mama na wanawe, lakini katika nitakayoyasema wewe ndiye shahidi, na bila ya wewe watasema mama yao alikuwa anaweweseka kwa homa. Siweweseki. Leo akili yangu imetulia kuliko ilivyotulia mwaka mzima, na nguvu iliyonibakia nataka kuitumia kwa jambo moja, kwa hivyo nisikilizeni mpaka mwisho, na mtu asinikatize hata nikisema la kumuudhi.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii, na mikarafuu kumi na moja ya bondeni ambayo baba yenu alinikabidhi akiwa hai, na lile shamba la mihogo, vyote vina njia yake katika sheria ya Mwenyezi Mungu, na mie sina la kuongeza wala la kupunguza. Nendeni kwa Kadhi, kila mtu achukue fungu lake, na atakayemnunia mwenziwe kwa ajili ya mkarafuu ajue kaninunia mie. Kinu changu na mchi wake mpeni Bi Time, maana yeye si mrithi na naweza kumuusia. Mbegu zilizofungwa katika kitambaa cheupe ndani ya kasha nazo mpeni yeye, na mtakapomaliza kunisikiliza mtajua kwa nini. Ya mali yamekwisha.

Ninalotaka kusema ni la mrehani ule wa nyuma ya jiko, na wala msitazamane, maana nnajua mnalolingoja. Mnangoja niseme kwamba baada yangu ni Nadhira, kwamba kata ya kumwagilia ni yake mpaka naye afike kwenye kitanda hiki, halafu mnyanyuke mwende zenu mkalale usingizi mzuri, wewe Hafidh dukani kwako Chake Chake, wewe Haitham kwenye kazi yako ya kupaka rangi, kwa kuwa yupo mtu mmoja aliyefungwa hapa kwa niaba yenu. Siwalaumu. Mie ndiye niliyewafundisha hivyo, na nitasema nilivyowafundisha.

Nilikuja Ole bibi harusi wa miaka kumi na saba, nimetoka kwetu kisiwani Kojani, na kwetu Kojani, mtaa wetu ule, nyumba zilikuwa zimebanana hata mtu akipiga chafya jirani anamjibu. Pa kupanda mmea hapakuwapo. Mrehani tuliuona umeshafungwa vishada, umevuka na chombo pamoja na mihogo na ndizi, na mama yangu akinunua kishada kimoja akikigawa sehemu mbili: vitawi vizuri vikienda kwa mtu mwenye harusi, vilivyochoka vikienda chunguni, maana supu ya samaki bila ya mrehani, alikuwa akisema, inabaki na shombo. Kwa hivyo mie katika pua yangu mrehani ulikuwa na maana mbili, harusi na chakula cha usiku. Kaburini sikuwahi kuuona. Nawaapieni, wanangu, sikuwahi.

Hapa nilimkuta mkwe wangu, Bi Asya, bibi yenu, na kama kuna mtu aliyenipenda katika nyumba hii siku zile ni yeye. Watu wa Ole nzima walikuwa wakija kwake na watoto. Mwenye homa na mafua alimchemshia majani ya mrehani, akamfunika shuka na sufuria ndani, mtu akatoka jasho mpaka kwenye nyayo. Mtoto mchanga aliyejaa riahi alimpaka tumboni maji ya majani yaliyotiwa katika mafuta ya nazi ya moto, mzunguko mdogo kwenye kitovu, na mtoto akanyamaza. Aliyeingiwa na taka jichoni alimlaza, akamtia mbegu moja tu ya mrehani, ile nyeusi ndogo, ikavimba kwa machozi, ikatoka na taka yake. Yote hayo alinionyesha, akinishika mkono na kuniambia nisifanye haraka, na nilipokuwa nikililia kwetu alinitilia kitawi katika chai, akaniambia ninywe nikalale. Miezi minane tu nilikaa naye. Alikufa alfajiri ya Ijumaa, akazikwa hapo juu ya bonde, na wanawake wa ukoo wakampelekea mrehani ukapandwa upande wa kichwa.

Siku ya arubaini ilisomwa khitma, watu wakala wakatawanyika, na baba yenu Talib alikuwa amekaa kimya wiki zote hizo, hali, hasemi, na mie ni mke mgeni, sijui nimfanyie nini mwanamume anayemlilia mama yake. Nilikwenda kuokota kuni, nikapita pale juu, ile harufu ikanijia. Mrehani ulikuwa umechanua. Nilisema Bi Asya mwenyewe angenipa. Nikakata vitawi vitatu, nikatoka navyo, nikavishona na asumini nikafanya kikuba, nikakivaa kichwani jioni ile kwa ajili ya mume wangu. Na baba yenu alifurahi, Mungu amrehemu. Aliinua kichwa akacheka kwa mara ya kwanza, akaniuliza nimeupata wapi mrehani mzuri hivi, nikamwambia mlimani. Asubuhi yake vitawi nikavichomeka nyuma ya jiko, vikashika.

Kosa langu ndilo hilo. Nilivaa mrehani wa kaburini kichwani nikaingia nao kwa mume, kisha nikaupanda nyumbani kwake. Mtoto mdogo wa Ole angejua kwamba cha kaburini hubaki kaburini. Mie sikujua, na hapakuwa na mtu wa kuniambia, kwa sababu aliyekuwa akiniambia mambo ndiye tuliyemzika.

Mwezi ule ule wifi yangu Rahila, dada wa baba yenu, alifiwa na mtoto wake wa kunyonya kwa homa. Alikuja kukaa hapa, akasikia harufu, akazunguka nyuma ya jiko, akauona. Akaniuliza mbegu nimetoa wapi. Nikamjibu kwa moyo mweupe. Wanangu, mtu aliyempoteza mtoto hutafuta pa kuliweka jambo hilo, na Rahila alipata pa kuliweka siku ile. Aliita wanawake wakubwa wa ukoo, wakakaa hapa hapa mlipokaa, na wakasema: umeleta kaburi ndani ya nyumba, limeshachukua mmoja. Ukiung'oa utachukua mwengine. Ukikauka utachukua mwengine. Asiuguse mtu ila wewe uliyeuleta, uumwagilie kila siku alasiri kwa mkono wako, usikatwe, usiliwe, na siku ukishindwa utafute mkono wa binti yako. Nilimtazama baba yenu nje ya dirisha. Alikuwa mwanamume mwema na alinyamaza. Tangu siku hiyo ni miaka arubaini na tisa.

Shehe wa wakati ule aliposikia alisema mmea hauna roho ya mtu mkononi, na kuamini hivyo ni hatari kwa imani ya mtu. Watu wakamwitikia vizuri, wakamkaribisha kahawa, alipoondoka wakaniletea ndoo ya maji.

Nikafungwa kamba ya urefu wa siku moja. Mbuzi ana afadhali, yeye kamba anaiona. Mie nilikuwa naweza kwenda popote Pemba hii, ila alasiri inikute hapa. Harusi za wenzangu nilihudhuria asubuhi, nikawaacha wanapika. Haitham, ule mchezo wako wa Gombani, ulipovaa jezi ya skuli ya kijani, uliniuliza mbona sikukuona ulipofunga goli. Nilikuwa nimeshapanda gari ya kurudi, mwanangu. Nililisikia kwa watu kesho yake, nikakudanganya kwamba nililiona. Na tazama kejeli yake: nilikuwa na mrehani mzuri kuliko wote wa Ole nyuma ya jiko langu, umejaa, unanukia mpaka njiani, na nikitaka jani la kutia kwenye mchuzi wa samaki ilinibidi nibishe hodi kwa Bi Time. Mtoto akija na homa, namtibu kwa majani ya jirani. Uzuri wake ulikuwa wa watu wapitao.

Yote hayo ningeyasamehe. Nisilolisamehe ni la mama yangu. Aliugua Kojani, akaniita. Nilikwenda alfajiri, nikavuka, nikakaa naye mpaka saa sita, nikarudi kuwahi alasiri. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alinishika ushungi, akasema, mwanangu leo lala. Neno hilo tu. Nikamwambia Mama nna kazi nyumbani, kesho nitakuja mapema. Akauachilia ushungi wangu kidole kimoja kimoja. Alasiri ile nilikuwa hapa, kata mkononi, namwagilia, na saa hiyo hiyo ndiyo aliyokata roho. Nilifika wameshamzika.

Hebu nipeni maji kidogo. Hapo, basi, yanatosha.

Sasa sikilizeni lile ambalo sijapata kumwambia mtu. Haitham, wewe ulizaliwa kwa kupasuliwa, mwaka ule wa jua kali. Nilichukuliwa hapa mahututi, nikalazwa siku tisa. Baba yenu aliwapeleka Hafidh na Nadhira kwa Rahila, nyumba ikafungwa. Rahila alikuja kumwagilia, na kwa kuwa aliogopa kuugusa alisimama nje ya ua wa makuti, akafumba macho, akarusha ndoo kwa juu, maji yote yakaishia kwenye makuti. Aliniambia hayo mwenyewe miaka mingi baadaye, akicheka na kulia. Niliporudi nikaomba niachwe, nikajikokota mpaka nyuma ya jiko. Ulikuwa umekauka. Si kunyauka, nasema umekauka, ukivunjika mkononi, na kuku wamefukua mpaka mizizi, hata mche mmoja wa mbegu haukubakia. Nilikaa chini. Nikahesabu watu wangu. Talib mzima, Hafidh mzima, Nadhira mzima, Rahila mzima, na kitandani kuna mtoto mchanga analia kwa nguvu. Mrehani umekufa, na nyumba imezidi mtu mmoja.

Siku hiyo nilikuwa huru, wanangu. Mlango ulikuwa wazi, na mie nimekaa chini nautazama.

Halafu nikamkumbuka mama. Nikamkumbuka anavyouachilia ushungi wangu kidole kimoja kimoja. Kama mrehani haukuwa na kitu, basi nilimwacha mama yangu afe peke yake kwa ajili ya majani. Hilo sikuliweza. Bora nyumba yote iamini kwamba palikuwa na jambo zito, kuliko mie kulijua hilo na kuliishi. Nikajivuta mpaka kwenye ua wa Bi Time, nikamwomba miche miwili, nikaipanda pale pale, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeimwagilia. Time, sema kama naongopa. Tazameni anavyoinamisha kichwa. Miaka ishirini na saba amenitunzia, na kila alipotaka kusema nilimziba mdomo kwa mkono wangu huu. Kwa hivyo huo mrehani mnaouogopa ni wa Bi Time, asili yake ni kishada alichonunua sokoni Chake. Kaburi haujapata kuliona.

Nadhira, nipe mkono. Hapana, huo mwengine, huo wenye kata utakuja baadaye.

Wewe nilikudhulumu nikiwa na macho yangu. Ashraf alipokuoa alikuwa kijana mzuri, na alipopata kazi Unguja akataka kukuchukua, mie ndiye niliyekaa naye ukumbini nikamwambia binti yangu haondoki, nyumba hii ina amana yake na mkono wangu umeanza kutetemeka. Nikajua ninalolisema ni uongo. Ulimwacha akaenda, mwaka wa pili mkaachana kwa salama, hamkutukanana, na mie nikasema afadhali. Nilifurahi, mwanangu. Nilikuwa nimepata mwenzangu. Mtu aliyekaa peke yake ndani muda mrefu hamfungulii mlango mgeni ili amtoe, humfungulia ili akae naye. Miaka sita iliyopita nilikupa kata mbele ya watu wote, nikaweka mkono wangu juu ya wako, tukamwaga maji pamoja, na wanawake wakapiga vigelegele. Ulikuwa ukilia, watu wakasema analia kwa heshima aliyopewa. Mie nilijua unachokililia, maana nilikililia pia. Mwezi uliopita Ashraf ametuma watu tena, mara ya pili sasa, anataka kurejea kwa nikaha mpya. Umewajibu nini? Umewajibu kwamba una kazi nyumbani. Nilikuwa chumbani, nilisikia. Ni maneno yangu yale yale niliyomwambia mama.

Hapo ndipo nilipoona nimefika mwisho wa uongo wangu, na nikafikiri nitautoa vipi. Nikiwaambia ung'oeni, hamtathubutu. Mkithubutu, na mie hali yangu ndiyo hii, nitakufa kesho yake au kesho kutwa, na Ole nzima itasema, mmeona, Nadhira kaung'oa na mama yake kafa. Ungebeba hilo mpaka kaburini. Nikikuachia ulivyo, ungebeba kata mpaka kaburini. Kila upande nilikokugeuzia nilikuta nimeshajenga ukuta mie mwenyewe.

Leo ni Alhamisi. Jumatano ya wiki iliyopita Nadhira alikwenda Chake kunichukulia dawa. Nilimwita Bi Time, nikamwambia nishike kiuno. Tulitoka, mwendo wa hapa na pale ukatuchukua nusu saa. Bi Time akataka kunisaidia kuvuta, nikamkataza, mkono ulioleta ndio uliostahili. Udongo ulikuwa na maji, Nadhira mwanangu anamwagilia vizuri. Ukatoka, mzizi wake wote. Sikusikia kitu, wanangu. Hapakuwa na kelele, hapakuwa na upepo, kuku alikuja kutazama kama kuna minyoo. Nilikata vitawi nikavichomeka pale pale ili msijue, na majani mengine Bi Time akaondoka nayo katika upande wa kanga. Usiku ule mlikula mchuzi wa samaki changu, Bi Time aliuleta. Hafidh ulikuwapo, ulirudia mara mbili, ukasema una ladha ya zamani. Chai aliyowaletea Bi Time kila asubuhi tangu siku hiyo ni ya majani hayo. Mmeula, wote, siku nane, na nyote mpo mbele yangu, hakuna aliyeumwa hata jino. Haitham, usishike tumbo, umezidi kunenepa.

Na mie? Msiseme ni mie niliyechukuliwa. Hafidh, daktari alikuita nje ya mlango kabla ya Ramadhani akakwambia mama yako Idi haioni. Mlango ule haufungi vizuri, mwanangu, nilisikia kila neno. Ulirudi ndani umenunua tabasamu dukani, nikakuhurumia nikanyamaza. Cheti kipo chini ya godoro, tarehe yake imeandikwa, mwonyesheni yeyote atakayefungua mdomo. Idi nimeila na leo ni siku ya kumi na mbili. Muda niliopewa nimeuzidisha, na siku nane za mwisho nimezizidisha huku mrehani umeshang'olewa. Nakufa kwa ini langu. Semeni hivyo matangani, tena semeni kwa sauti.

Ila lipo moja lililonitia uchungu. Alhamisi yake Nadhira alikwenda kumwagilia, akakuta vile vitawi vimelala. Nilimsikia analia nyuma ya jiko peke yake, akasoma Ayatul Kursiy, akamwagilia mara mbili, na usiku hakulala. Nilitaka kusema. Nikasema moyoni, zingoje siku zipite, waone wenyewe. Nisamehe na hilo. Jana ameniletea habari kwa furaha, Mama umechipua. Umechipua kweli, vitawi vimeshika. Ndivyo ulivyo mrehani, humshikia yeyote atakayeupa maji, mwenye dhambi na asiye na dhambi. Ndivyo ulivyonishikia mie nikiwa na miaka kumi na saba, na hapakuwa na zaidi ya hapo.

Nimechoka. Nitasema yaliyobaki, mniitikie kwa kichwa.

Rahila nimemsamehe, alikuwa na kifo cha mtoto mikononi na hakujua pa kukiweka. Baba yenu nimemsamehe kunyamaza kwake, iliniwia vigumu. Mie mniombee radhi kwa mama yangu. Nadhira, wewe uende Kojani. Kaburi lake Bi Time atakuonyesha, tulikwenda naye asubuhi moja. Ukifika usirudi siku hiyo. Ulale. Ulale kwa mtu yeyote, useme ni mjukuu wake, umekuja kulala. Hilo ndilo deni langu, sina jengine.

Ashraf mjibu mwenyewe. Usimwendee kwa kunihurumia mie. Kama humtaki mkatae, ila mkatae kwa sababu zako.

Kaburini kwangu pandeni mrehani, kama wanavyopandiwa watu wote. Mbegu ni zile za kitambaa cheupe, Bi Time atapanda. Akipita mtu ana homa, achume. Bibi harusi mgeni asiyejua… akichuma kwa kikuba chake, mwacheni. Msimwite. Msimkalishe chini mbele ya wakubwa. Akiupanda kwake, mwambieni unataka jua na maji, basi.

Huu wa nyuma ya jiko uchumeni mpaka uishe. Tieni kwenye supu.

Sogeeni. Mungu awaridhie wanangu, nami nimewaridhia, radhi ya maziwa na ya mgongo. Awape riziki msiyoiona inakotoka. Awape… Hafidh, usilie, utamtisha Haitham. Mungu akuongoze safari yako, Nadhira, ya kwenda na ya kurudi, na ukitaka usirudi.

Ni adhana hiyo? Ya alasiri. Sikio langu halijapata kuikosa.

Nadhira, umenyanyuka. Miguu imenyanyuka yenyewe, najua, yangu ilikuwa hivyo. Kaa. Wacha ipite, tuisikilize mpaka mwisho, mie na wewe, tumekaa.

Kata bado umeishika. Iweke chini, mwanangu. Macho yangu hayaoni tena vizuri… iweke kwa nguvu kidogo, juu ya saruji, niisikie.